Muhuri Niliougonga Mwenyewe

Swali mojawapo katika fomu yetu lilikuwa hili: "Tuko ghorofa ya ngapi?" Nililisoma kama lilivyo, nimekaa kwenye kigoda ndani ya nyumba ya udongo juu kidogo ya Mkuyuni, kwenye milima ya Uluguru, penye mteremko ambao hata mbuzi huushuka kwa tahadhari.

"Ghorofa?" Bibi mwenye nyumba alicheka mpaka akafuta machozi. "Mwanangu, umekunywa nini huko njiani?"

Nami nikacheka. Kisha nikaandika sifuri.

Nieleze taratibu, maana bila hivyo hasira yangu haitaeleweka. Ilikuwa miaka ya ruksa, milango ya nchi imefunguliwa, wafadhili wakimiminika, nami nilikuwa mtafiti mpya wa maradhi ya kusahau yanayowapata wazee. Maradhi hayo si uzee wenyewe. Ubongo huugua kama moyo au figo zinavyougua, na mara nyingi mgonjwa hupoteza mambo ya leo kabla ya yale ya zamani. Ili kuyagundua tulipewa fomu iliyotungwa kwa ajili ya watu waliosoma, wenye kalenda ukutani. Leo tarehe ngapi? "Keshokutwa gulio," bibi alijibu, na ilikuwa kweli. Sifuri. Andika sentensi yoyote. Hakuwahi kushika kalamu. Sifuri.

Ni kweli alikuwa akisahau. Alishaunguza sufuria mara mbili, na mimi aliniita kwa jina la binti yake aliyefariki. Huenda ugonjwa ulikuwa unaanza, huenda ni upweke tu. Fomu ile haikuweza kutofautisha.

Mpwa wake, aliyenipeleka kwake, aliniomba majibu. "Tujue namna ya kumtunza, daktari." Nilifurahi, maana ndugu wengi hawaulizi. Nikamweleza saa nzima, mstari kwa mstari, kisha nikamwandikia: uwezo wa akili umepungua sana. Akaomba muhuri wa mradi. Nikagonga.

Kwa Waluguru ardhi hupita upande wa mama, na bibi huyo ndiye aliyeshika shamba la ukoo, lenye migomba, mananasi na pilipili manga. Matajiri wa mjini walishaanza kupanda milimani kutafuta ardhi, naye alishawafukuza wawili. Hilo sikuliuliza. Halikuwamo kwenye fomu.

Niliporudi baada ya masika, baraza la kijiji lilikuwa limeshakaa. Karatasi yangu ilisomwa kwa sauti, ikaamuliwa kwamba bibi hana akili ya kuamua, mpwa amwamulie. Shamba likauzwa kwa tajiri wa mjini.

Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, nikamweleza kwamba fomu ilikosea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ile ilikuwa na muhuri, mtaalamu. Haya ya leo ni maneno."

Nikashuka mjini kwa mkuu wa mradi. Nilimwomba aandike kwamba fomu haiwafai wazee wa kule.

"Tukikiri kijiji kimoja, tumekiri vyote," alisema. "Wafadhili wanakuja mwezi ujao. Unataka kutuua?"

"Na bibi je?"

"Sisi si mahakama." Akauchukua muhuri mezani, akaufungia kwenye droo yake.

Nilipanda tena mlimani mikono mitupu. Jirani mmoja akanipokea kwa sifa: "Daktari, ulisema kweli! Kila asubuhi anakwenda na jembe kwenye shamba la watu. Maskini, kasahau kwamba limeuzwa."

Nilimkuta ukingoni mwa shamba, jembe begani, mlinzi wa tajiri amemzibia njia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, umesahau kwamba limeuzwa?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mjinga. "Nani kasahau? Nimekataa."

Niliuacha mradi wiki hiyo. Tangu hapo nimetunga maswali mengine, nawauliza wazee habari za mipaka, mbegu, nani kamzaa nani, na vijana wanaojifunza kwangu nawapongeza kila wanaponibishia. Kazi hii ni nzuri, inawahitaji. Lakini yote hayo hayakumrudishia bibi hata mgomba mmoja. Alifukuzwa kila asubuhi mpaka miguu yake ikagoma. Na kule kijijini, hadi leo, wakitaka mfano wa mtu aliyepotewa na akili, wanamtaja yeye, na shahidi wao ni mimi.