Niliyemzika Shujaa Kabla Hajazaliwa

Sijui hata kama nina nguvu za kueleza hii aibu, lakini mtaisikia tu kwa watu, afadhali mnisikie mimi. Wambui nilikuwa nimekaa naye hapa Thika karibu mwaka mzima, ile ya njoo tukae, bila ndoa wala kukanyaga kwao Ruiru, mpaka baba yake akatuma neno kwamba Jumapili niende tuongee (mimi nilitaka kitu kimoja tu, anikubalie nilete wazee wangu tuanze mambo ya mahari). Ila mzee ana mambo yake. Ni mtu wa rock, ana kabati nzima ya santuri, na kwake mgeni hagusii jambo lolote kabla ya kuchambua albamu aliyotajiwa mapema akaisikilize. Mgeni anachambua kwanza, halafu inachezwa, na ikishaanza hakuna mtu anafungua mdomo.

Yangu ilikuwa ya zamani, santuri mbili, hadithi ya mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, opera kabisa lakini ya magitaa. Nikaisikiliza kwa simu nikitoka shifti kiwandani, macho yanajifunga, na kitufe cha kuchanganya nyimbo, kile cha kuzicheza bila mpangilio, kilikuwa kimewaka, nikakiona, nikasema ah, nyimbo ni zile zile, nikakiacha.

Jumapili nikasimama mbele ya mzee, mama, Wambui na marafiki wawili wa mzee kutoka kanisani. Nikasema mtunzi ni jasiri sana, ameanza na mazishi ya shujaa, akaturudisha nyuma polepole mpaka anapozaliwa, na ule mlio wa gitaa wa kaburini ndio unageuka mwishoni kuwa wimbo wa kubembeleza mtoto, na hapo nililia (sikulia, nililala). Mzee akaitikia kwa kichwa. Nikaona nimempata, nikaongeza habari za ufufuo kwa ajili ya wale wa kanisa.

Santuri ikawekwa. Wimbo wa kwanza, mtoto anabembelezwa. Nikajiambia labda mzee amekosea upande. Wa pili, mtoto anaenda shule. Wa tatu, ameanza kunywa pombe. Pande nne, jamani, nimekaa kwa kochi, chai imepoa, siwezi kusema hata samahani, na kila wimbo unanikana mbele ya watu, na Wambui anaangalia tu kitambaa cha meza. Shujaa alipozikwa mwishoni nilimwonea wivu.

Mzee akainua sindano. "Kijana, hii ulisikiliza aje?"

"Simu ilikuwa inachanganya nyimbo, mzee. Niliona, nikaiacha hivyo."

"Kumbe ndio tabia yako. Msichana wangu umemweka kwa nyumba kwanza, ndio sasa unakuja kuniona." Hakupaza sauti hata kidogo. "Wambui atabaki hapa. Wewe rudi, ulete wazee, tuanze mwanzo."

Mama akaenda kumtandikia kitanda. Wambui hakubisha, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Wazee wangu wanasema hawana nafasi mpaka mwezi ujao. Nimeapa sitaanzia kitu katikati tena maisha yangu yote, hata gazeti. Wambui hunipigia jioni kuuliza kama nimekula. Namwambia nimekula.