Chumba cha Mbao Nyuma ya Nyumba ya Mawe

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufagio, si mwiko wa mwashi. Nilikuwa kijana mwenye haya, niliyeishia darasa la saba, na kwenye treni kutoka Blacktown, pembezoni mwa Sydney, niliomba nisiulizwe neno. Nyapara wetu, mzee mwenye kikohozi cha vumbi, hakuniuliza kitu. Alinionyesha nyumba akasema, "Fagia kwanza. Ukifagia utaiona."

Nikaiona. Katikati kulikuwa na vyumba viwili vya mawe, vilivyojengwa na Waingereza wa mwanzo kwa mfano wa nyumba za kwao, madirisha madogo kana kwamba jua la Sydney ni lile lile la kule. Waliofuata waliongeza ghorofa ya matofali. Wengine wakazungusha baraza, joto lilipokwisha kuwafundisha. Fundi huyasoma hayo kwenye maungio, pale ukuta mpya unapouegemea wa zamani bila kushikana nao.

Kutoka ufagio nilihamia kuchanganya chokaa, kisha kupiga lipu, kisha kuta. Nyumba zilikuwa nyingi, na kuta za kale hazina haraka. Magoti ndiyo yaliyolipa.

Karibu na kustaafu nikarudishwa nyumba ile ile, sasa chini ya nyapara mwanamke, mtu wa maneno machache. Ndani aliishi bibi mmoja mjane. Wakuu wa majengo ya kale waliamua nyumba irudishwe ilivyokuwa, na chumba cha mbao cha nyuma, juu ya msingi wa matofali, kiondolewe kwa kuwa hakina umri wa kuhifadhiwa. Mwenzangu Bahati, Mkongomani, alikitazama akacheka. "Kaka, hiki hata panya wa Bukavu angekikataa."

Lakini kilijengwa na mume wa yule bibi, kwa mikono yake, mtoto wao wa kwanza alipozaliwa. Asubuhi ya kubomoa bibi alinifuata. Aliniita kijana, ingawa nilikuwa na mvi.

"Kijana, walioongeza ghorofa ni watu wa nyumba hii. Waliojenga baraza pia. Na mume wangu?"

Nilimpelekea nyapara swali lile kama lilivyokuwa. Akasema uamuzi si wetu, chumba kitaondoka.

"Ila unajua desturi," akaongeza. "Ukiondoa ukuta, acha unyayo wake."

Yaani safu moja ya matofali hubaki, sawa na ardhi, ili watakaokuja wajue ukuta ulipita wapi. Tuliweka hivyo pande zote, na mahali pa mlango tukaacha pengo.

Tulipomaliza bibi alitoka na mkongojo. Alikuwa karibu na kona, angeweza kukatiza tu. Akaufuata mstari polepole mpaka kwenye pengo, akafuta viatu vyake kwenye nyasi, akaingia.

Sasa nimestaafu, nakaa Doonside, jirani na Blacktown. Nyuma ya nyumba nina chumba cha mbao nilichojenga watoto walipoongezeka. Nikiwasemesha kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, kwamba kinavuja, kibomolewe. Ni kweli kinavuja. Sina nguvu ya kupanda paa, wala ya kubishana.

Nimewaambia wabomoe, ila waache unyayo. Na pengo la mlango.