Siku ya Kifua, Siku ya Miguu

Bibi jirani yangu wa huku mlimani alifariki Alhamisi, yapata majuma mawili sasa. Siku naitaja makusudi, maana siku ndiyo iliyomuua. Tulimkuta mchana, amelala chali, miguu imewekwa juu ya kinu kilicholazwa, macho yako wazi. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani, na mkono wake umekamata fito za ukuta kama mtu anayetaka kuinuka.

Sitalia hapa gazetini. Nina hasira. Bibi alikuwa na pumu tangu ujana, na siku hizi miguu nayo ilivimba ikang'aa. Kule chini Morogoro, karibu na boma la serikali ya Kijerumani, nyumba ya dawa ina utaratibu wake: Jumatatu ni watu wa kifua, Alhamisi watu wa miguu, kila siku na msaidizi wake wa dawa. Ukitaja ugonjwa wa pili unaambiwa urudi siku yake. Basi bibi alishuka mlima mara mbili kila juma, akipumzika kila kona. Jumatatu aliambiwa alale ameegemea mto, asinyooke, apate pumzi. Alhamisi aliambiwa alale chali, miguu juu. Nilipomwuliza anafuata lipi, alicheka mpaka kifua kikapiga filimbi. "Nafuata la siku, mjukuu wangu. Wadachi wana kalenda hata ya kulala." Nami nikacheka. Nimesomeshwa na misheni mpaka darasa la juu, naandika humu kila mara, na nilishindwa kuwaandikia wasaidizi hao mistari miwili kwamba mgonjwa wa Jumatatu na wa Alhamisi ni mtu mmoja.

Jumatatu alasiri tulikuwa matangani, wanawake tumejaa chumbani mwake, filimbi ile ikalia. Ile ile, inapanda halafu inakatika. Mdogo wake marehemu akakitazama kitanda kitupu, akasema taratibu, "Dada, tumeshakuzika. Pumzika." Filimbi ikaendelea. Ndipo nikahisi mtetemo mgongoni. Ilikuwa ikitoka ndani ya mbeleko, kwa mwanangu.

Kesho yake nikashuka naye. Kifua kinalia, tumbo limevimba, homa haimwachi. Msaidizi wa siku hiyo hakuinua hata uso: leo siku ya macho, mama, rudi Jumatatu. Nikamwambia, "Kifua nikuletee Jumatatu, tumbo siku yake. Haya, na mtoto mwenyewe nimlete lini?" Filimbi ikasikika mpaka mlangoni. Akaweka kalamu chini. Alimpakata, akasikiliza kifua, akabonyeza tumbo, kisha akaniuliza mtoto analalaje.

Swali hilo tu. Bibi hakuulizwa na yeyote, si wa Jumatatu, si wa Alhamisi, wala mimi niliyekuwa nacheka. Anayempa mgonjwa amri ajue kwanza amri nyingine alizobeba, kwa sababu mwili wa kuzitii zote ni huo huo. Mwanangu sasa analala ameegemea kifua changu, wima, kila siku ya juma. Filimbi imepungua, haijaisha. Ikilia, bado nageuka kutazama mlangoni, kana kwamba bibi anaingia.