Nilidhani Wamempa Jina la Mama Yangu

Admin, kuandika sijui, ndiyo maana nimekutumia sauti. Andika hivihivi ninavyosema, ukali wangu usiuoshe, ila jina langu lifiche. Umri wangu ni sabini na ushee, mama hakuweka tarehe. Naishi Ilala, nauza maandazi asubuhi, na shule niliipita kwa nje tu nikienda sokoni.

Mwanangu wa pekee aliolewa na kijana wa Kiarabu, familia yenye duka la mapazia Kariakoo. Akafariki akaacha binti mdogo, hapa nimwite Rahma, sasa ana miaka kumi na saba. Rahma kachukua weusi wangu wote, mpaka masikio. Alilelewa kwa baba yake pamoja na shangazi yake, dada wa huyo baba, ambaye ndiye mwenye sauti mle ndani. Sikatai, walimsomesha. Na Waarabu nimekula nao, nimelea watoto wao, nimezika nao. Hapa nasema nyumba moja.

Mle ndani walimwita Mtumwa. "Mtumwa, mletee bibi yako soda." Nami nacheka kwa furaha! Marehemu mama yangu aliitwa Mtumwa. Waliomtangulia kuzaliwa walikufa wote, naye akapewa jina baya ili kifo kimdharau, kimpite. Nikajua mwanangu aliwahadithia wakweze, wakaona wamuenzi mama yangu. Kila nikitoka pale nilikuwa namwombea dua yule shangazi. Dua, wanangu!

Rahma ndoto yake ni kuigiza. Si zile video za simu, hapana, jukwaani, watu wamekaa wanamtazama. Majuzi kikundi chao kikaonyesha mchezo aliotunga mwenyewe, kwenye ukumbi hapa mjini. Akanikalisha mbele kabisa. Mimi mchezo wa jukwaani sijawahi kuuona maishani.

Taa zikawaka. Rahma kakaa kwenye kochi na wageni waliokuja kumposa binti wa shangazi. Msichana anayeigiza shangazi akaingia, akamvuta kwa nywele. "Mtumwa haketi na wageni! Unataka waseme damu yetu imechafuka?" Akamburuta hadi jikoni, akachukua upawa wa chuma uliokuwa kwenye mafuta, akamkandamiza nao mkononi. Mkono uleule wenye kovu ambalo miaka yote Rahma aliniambia, "Bibi, ni mafuta ya sambusa yalinirukia."

Sikuwaza. Nilivua kandambili nikapanda juu, nikamchapa yule msichana mpaka pua ikatoa damu. Ukumbi mzima ukapiga makofi, wamedhani nami nimo! Rahma akanishika kiuno, "Bibi acha, ni mchezo!" Nikamwambia, "Na hilo kovu nalo ni mchezo?" Akakaa sakafuni akalia.

Yule msichana, naye wa Kiarabu, nilikwenda nyuma kumwomba radhi. Akacheka na pamba puani. "Usijali, Bibi, maana yake nimeigiza vizuri. Ila mkono wako, mama yangu, mzito!" Mtoto yule nampenda.

Usiku ule Rahma akaja kulala kwangu, na yuko hapa mpaka leo, akanieleza yote. Siku ile alipochomwa, baba yake alikuwa sebuleni na wageni. Aliposikia mayowe ya mwanawe aliongeza sauti ya televisheni.

Asubuhi nikaenda Kariakoo. Shangazi yuko kaunta anapima kitambaa.

"Karibu, mama. Umeamkaje?"

"Mtumwa ni nani?" nikamuuliza.

Akatabasamu. "Si mjukuu wako? Tunamtania tu."

"Na upawa ulikuwa utani?"

Akamtazama kaka yake aliyekuwa pembeni akipanga majora, kisha akasema bila kujificha, wateja wanasikia: "Kaka yangu alikosea kuoa. Sisi tunavumilia alichotuletea."

Nikainyakua rula yake ndefu ya chuma. La kwanza la kichwa, la pili la mkono ulioshika upawa. Damu ikarukia mapazia meupe. Mkwe wangu, ambaye mtoto wake akiungua hakuinuka, siku hiyo aliinuka upesi! Alinisukuma nikaangukia majora ya vitambaa, jino langu la mbele likabaki sakafuni kwao. Wabeba mizigo walinitoa nje natukana. Sijutii, na asinitokee mtu hapa kuniambia nitubu.

Jioni mkwe akaja Ilala peke yake.

"Mama, dada kashonwa. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, daktari kaijaza, ninayo mfukoni. Mchezo unaonyeshwa tena Ijumaa, na majirani zetu wa dukani wameshaalikana kwenda kututazama. Mwambie Rahma aache, nami polisi siirudishi."

"Mwambie wewe."

"Mimi hanisikii tena. Wewe ukisema, ataacha. Usiposema utalala ndani, mama, naye atarudi kwangu. Bado ni mtoto, na baba ni mimi."

Kulala ndani siogopi, nimelala pabaya zaidi. Ninachoogopa ni mjukuu wangu kurudi kwenye lile jiko, kwa mwanamke mwenye nyuzi kichwani, wakati mimi siwezi hata kugonga mlango. Na nikimwambia aache, ataacha kweli, kwa kuwa ananipenda. Lakini Ijumaa hiyo wanakuja watu wanaotafuta vijana wa kuwasomesha uigizaji, na amelisubiri hilo kama mgonjwa anavyosubiri dawa. Kitisho cha baba yake hakijui.

Jana kanijia anaruka. "Bibi, nimekuwekea kiti chako cha mbele. Niahidi kitu kimoja tu, safari hii hupandi jukwaani." Nikamwahidi. Akanibusu mkono, akaenda kukariri maneno yake anacheka peke yake.

Nyie mlio wengi humo, wenye shule zenu na wasio nayo kama mimi, nisemesheni kabla ya Ijumaa. Nimwambie aache, au ninyamaze, nivae khanga yangu mpya nikakae kwenye kile kiti, waje wanikamatie hapohapo mtoto wangu akiwa juu anang'ara? Nifanye nini, wanangu?