Tulivyomtoa Ouma Shimoni

Mwanangu, kabla hujaondoka nikusimulie: iko asubuhi moja kule machimboni Macalder ambayo uzee haujanisahaulisha. Nilikuwa muuguzi mpya, sare bado inang'aa. Wachimba dhahabu walikuwa wametoka nje kunywa chai, shimo likaporomoka nyuma yao. Ouma peke yake alibaki chini.

Wenzake wakaanza kufukua pale mdomoni mwa shimo, mara mkewe Akinyi akafika mbio, mtoto mgongoni.

"Acheni hapo! Saa hizi Ouma anakunywa uji wake, na huwa hanywi mahali watu wanapita. Ameingia lile tundu la zamani analonisimulia, la upande wa shimo la jirani."

"Mama, wewe umewahi kushuka humu?" kijana mmoja akamfokea.

"Sijashuka. Lakini mume wangu namjua."

Tukamtazama mzee Odongo, aliyeota mvi katika kazi hiyo. Hakubishana. Alishuka shimo la jirani, akagonga mwamba kwa nyundo, akaweka sikio. Mimi pale juu nilisikia mlio wa jiwe tu. Yeye akapaza sauti, "Nyuma ya ukuta huu kuna uwazi. Tupitie huku!"

Walichimba kwa zamu, bila kupumzika, mpaka ukuta ukatoboka. Sauti ikatoka gizani: "Nileteeni maji, jamani!"

Akinyi akaketi chini, akalia.

Vijana walitaka kumvuta Ouma kwa mikono. Hapo nami nikapata la kusema. "Msimvute! Huenda mgongo umeumia." Nikashuka, nikamfunga leso shingoni isitikisike, tukamlaza na kumfunga juu ya ubao, akapandishwa polepole. Daktari kule Migori alikuta mfupa wa mgongo umepasuka kweli. Ouma alipona, na mpaka leo analima shamba lake mwenyewe.

Ungeona alipofika juu! Vigelegele, mavumbi, watu wakikumbatiana. Odongo akaushika mkono wa Akinyi akauinua kama wa aliyeshinda uchaguzi.

Basi sikiliza. Kuna kujua kwa kusoma, kuna kujua kwa kufanya, na kuna kujua kwa kuishi na mtu. Mimi nisingempata Ouma. Akinyi asingeutoboa mwamba. Odongo angemtoa, lakini pengine Ouma angebaki kiwete. Mtu akikuambia anajua, muulize amejuaje, kisha mpe nafasi yake. Na wewe ukijua, sema, hata wakikufokea.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe akili ya darasani, ustadi wa mikono, na watu wa kukujua vizuri kama Akinyi alivyomjua Ouma. Nenda, nyathina, mwanangu, ukiwa na baraka zangu.