Konokono Waliozaa Mbalibali

Mama mkwe wangu haogopi mdudu yeyote isipokuwa konokono. Kwao, katika kijiji cha wafugaji cha Mbalibali, konokono ni adui: bwana mifugo alishawaambia kuwa minyoo inayokula maini ya ng'ombe huanzia kwa konokono wa bwawani. Mimi sikulijua hilo. Nimezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, na konokono wetu ni wa kujivunia: magamba mazito yenye matuta, wameng'ang'ania mawe, na duniani kote hawapatikani ila humo.

Mwaka wa kwanza wa ndoa, huko ukweni, nilikonda kwa upweke. Wakipiga soga kwa kilugha chao nilicheka walipocheka, bila kujua tunamcheka nani. Nilipokwenda Kigoma kusalimia, nilikuwa nimeshaanza kuwaza nisirudi. Nikarudi, ila na ndoo ya rangi yenye maji ya ziwa, mawe mawili na konokono kadhaa. Nilitaka kitu cha kwetu kiwe karibu.

Mama mkwe alipochungulia ndoo aliruka.

"Binti, umeniletea ugonjwa kwenye boma?"

Nikaapa kuwa wa kwetu hawana habari na ng'ombe.

"Konokono ni konokono," akasema, akainjika sufuria ya maji. Nikalia waziwazi, sikuona aibu. Mume wangu, shujaa wa nyumba, ghafla akakumbuka kuna mbuzi wa kutafuta.

Maji yalipochemka akaja nayo, akainama ili asikosee kumwaga, akaganda. Kwenye kuta za ndoo walikuwa wanatambaa vitoto vidogo kama punje za ulezi, magamba tayari mgongoni. Wa kwetu wale hawatagi, huzaa.

"Wamezaa," akasema taratibu. Mfugaji ni mfugaji tu. Yale maji akasongea ugali.

Asubuhi akatoa hukumu. Kwake hawakai, maini ya ng'ombe wake anayapenda. Lakini mzazi hamwagiwi maji ya moto, kwa hiyo warudi kwenye malisho yao, na atawapeleka yeye mwenyewe, maana mimi nikiachiwa nitarudi na ndoo mbili. Huyu ni mama ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Tarime. Ndoo aliipakata mpaka Kigoma. Abiria akiuliza kama ni dagaa, alijibu, "Ni wazazi hawa, usinitikise."

Nilicheka njia nzima, na moyoni naogopa. Alishaniona mara nyingi nikilia jikoni. Huenda alikuwa anaturudisha wote.

Ufukweni kwetu aliingia majini na kitenge chake, akawapanga juu ya jiwe mmoja mmoja, akakataa katakata kutoka mpaka wa kwanza atambae. Mama yangu alisimama mchangani, kaduwaa. Mama mkwe akatoka, akajifuta mikono, akanishika mkono.

"Mkwe," akamwambia mama yangu, "hawa nimewarudisha. Huyu narudi naye."