Kastadi ya Susu

Babu yangu aliwapikia maofisa wa jeshi la Waingereza kambini hadi Uhuru. Walipofunga virago wakarudi kwao, naye akarudi kwake Kikima, Mbooni, na visu, uma na ujuzi wa kupika kastadi. Mimi sikumkuta. Nilichokuta ni sheria zake, zikilindwa na mjane wake, nyanya yetu tuliyemwita Susu. Jumapili baada ya kanisa hakuna aliyegusa muthokoi, mahindi yetu Wakamba yaliyokobolewa, kwa kijiko, sembuse kwa mkono. Tulizifukuza punje za mahindi sahanini kwa uma mpaka chakula kikapoa.

Mwaka juzi, watu wa Mukuyuni walileta mbuzi wa kumposa dadangu. Mama alimsihi Susu awaache wageni wajilie watakavyo. Susu akasema mgeni wa heshima hupewa meza ya heshima, akapanga visu mwenyewe.

Msemaji wao, mjomba wa bwana harusi, alikuwa ameongea tangu langoni. Alipoona vile vyuma akanyamaza. Alijaribu kukata paja la kuku wa kienyeji, likamponyoka na kutua mapajani mwa mchungaji wetu. Dadangu alijifunika uso kwa leso.

"Mama," mjomba alimuuliza Susu kwa adabu, "hawa Wazungu si walienda?"

"Walienda," Susu akajibu. "Lakini mume wangu hakuwa Mzungu, na hii ni meza yake."

Kisha akaiona suruali ya mchungaji, imelowa mchuzi. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka hadi akapangusa machozi, akaweka uma chini na kushika kipapatio kwa mkono. Sikuwa nimewahi kumwona akifanya hivyo. Meza nzima ikamfuata, na mjomba akapata tena ulimi wake.

Kastadi ilipoletwa, mjomba aliomba aongezewe, akataka kujua inavyopikwa. Susu alimweleza dadangu mbele yao wote: maziwa, mayai, sukari, halafu maembe juu. Babu alikuwa ametumia matunda ya mkebe huko kambini, lakini kwetu Makueni, penye maembe tele, nani anunue mkebe?

Krismasi iliyopita nilimtembelea dadangu kwake Mukuyuni. Mama mkwe wake alipakua kastadi na kumwambia jirani kwamba hicho ni chakula cha Kikamba cha asili, cha wanawake wa Mbooni. Dadangu alinitazama. Nikasogeza sahani yangu niongezewe.